Kawa Juu ya Tumbo la Mwanamisi

Mikono yenu ni baridi. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka kuwaambia, wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi, na msidhani nawakebehi. Mikono ya kila mwuguzi mpya ni baridi, kwa sababu damu yote imepanda kichwani kwenda kusaidia mawazo. Yangu ilikuwa baridi kama ngisi.

Nilihitimu mafunzo katika miaka ya hamsini, nikapangiwa hospitali ndogo upande wa Msambweni. Nilikuwa kijana wa Tiwi niliyefaulu mitihani yote na kuogopa kila kitu. Kabla ya kumpa mtu kidonge nilijiuliza kama kinaweza kumkaba. Kikimkaba nitafanya nini. Na nikishafanya, mkewe ataniuliza nini. Wakati huo mgonjwa mwenyewe amenyoosha kiganja, anangoja. Mmoja aliwahi kuniambia, kwa jina walilotuita wauguzi siku hizo, "Bwana dresa, nipe basi, homa isije ikaondoka kabla ya dawa kuingia."

Siku nyingine nilimtia mzee mmoja kipimajoto mdomoni, nikamwambia asifungue kinywa hata kidogo mpaka nirudi. Nikaenda kuchukua saa, njiani nikaanza kufikiri kama saa ya wodini na saa ya ofisini zinakwenda sawa, nikakaa huko nikizilinganisha. Niliporudi nilimkuta mkewe amesimama juu ya kitanda chake, anamsomea makosa yake yote ya tangu ndoa, naye mzee amefumba mdomo, macho yamemtoka. Yule mama aliponiona akanishika mkono kwa heshima kubwa. "Mwanangu, hako kajiti kanauzwa wapi?"

Aliyenitoa katika hali hiyo ni mwuguzi mkuu wetu, Bwana Kassim, mtu wa Vanga, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu shambani. Kila asubuhi alinisimamisha karibu na sufuria ya kuchemshia sindano. "Kanza mikono, Rashidi. Tumbo la mtoto ni nyumba ya watu. Utaingia nyumba ya watu na barafu mkononi?"

Mengine aliyonifundisha nawapeni hapa bila mpango, maana yeye pia alinipa bila mpango. Mpime mtoto akiwa mapajani mwa mamake, si kitandani, kwa sababu kitandani anajua ametengwa. Anzia mbali na panapouma. Usilitazame tumbo unapolipapasa. Utazame uso, kwani tumbo litanyamaza lakini nyusi hazijui kunyamaza. Wala usimwulize mtoto "Panauma?" Mtoto mwenye adabu atakuitikia ndiyo ili kukufurahisha, na asiye na adabu atakuitikia ndiyo ili uondoke.

Basi alikuja mama mmoja kutoka Munje, jina lake Mwanasiti, amembeba binti yake Mwanamisi, mtoto wa umri ule wa kutumwa chumvi kwa jirani akasahau njiani alichotumwa. Mtoto hakuwa na dalili ya ugonjwa. Alicheka, aliomba kushika mkasi wangu, aliniuliza kama kofia yangu ni ya kuchezea. Nikamwuliza mamake shida ni nini.

"Shanga," akasema.

"Shanga?"

"Za kiunoni. Zimembana. Nikazifumua nikaongeza nyingine, zikambana tena. Nikaongeza tena. Sasa tazama mikono yake ilivyokonda. Ni mtoto gani huyu anayenenepa kiunoni peke yake?"

Akanisimulia mengine. Mkojo wa mtoto ulikuwa mwekundu siku moja; watu wakamwambia ni kichocho, maana watoto wote wanakoga bwawani. Tumbo lilikuwa gumu upande mmoja. Watu wakamwambia ni bandama, maana nani kwetu hakuwahi kuvimba bandama kwa homa za mbu? Majibu yote mawili yalikuwa ya watu wenye akili. Wewe pia ungesema hivyo hivyo, na mimi nilisema hivyo kimoyomoyo nilipokuwa nikikanza mikono.

Nilipoweka kiganja, uvimbe ulikuwa upande wa kulia. Bandama inakaa kushoto. Nikaanza kuwaza: kulia kwangu au kulia kwake? Ananitazama, kwa hiyo kulia kwangu ni kushoto kwake. Lakini je, nimekwisha kugeuza, au nageuza mara ya pili? Ili nipate uhakika nikasimama, nikageuka, nikawapa kisogo, nikanyoosha mikono yangu yote miwili kama mtu anayepima kitambaa.

"Mama," Mwanamisi akasema, "mbona anatukimbia?"

Bwana Kassim alikuwa akipita. "Ngoma gani hiyo unayocheza?"

"Natafuta kulia kwake."

"Kulia kwake kuko kwake, hakukukimbia. Geuka." Akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwomba ruhusa kwa kumpa mkasi ashike, akamgusa mara moja tu, kwa wepesi wa mtu anayegusa kitumbua kujua kama kimeiva. Mkono wake haukurudi tena pale. Akainuka. "Umeona vyema, Rashidi. Nenda kamwite daktari, na usikimbie. Ukikimbia, mama atajua kabla hatujamwambia."

Daktari wetu alikuwa mtu wa Goa, mrefu, aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu na kwa subira. Kila alilosema lilimalizikia kwa neno "taratibu", kwa hiyo wagonjwa walimwita Bwana Taratibu, na yeye alijua na alifurahi. Naye alimgusa mtoto mara moja. Kisha akanawa mikono, akatuita mimi na Bwana Kassim pembeni. Akasema ni uvimbe wa figo, saratani ile inayowapata watoto wadogo hasa, na dawa yake ni kuutoa pamoja na figo yenyewe. Daktari wa upasuaji wa Mombasa angeweza kuutoa, lakini mtoto alikuwa na malaria na damu yake ilikuwa chache; ilibidi tumtibu kwanza, apate nguvu, ndipo apelekwe.

"Na mkono wa mwisho juu ya tumbo lile ni huu wangu," akasema. "Uvimbe una ngozi nyembamba. Ukibonyezwa unaweza kupasuka, ukipasuka unatawanyika tumboni, na hapo daktari wa Mombasa hatakuwa na la kutoa. Asiguse mtu. Taratibu."

Bwana Kassim ndiye aliyemwambia Mwanasiti. Nilisimama karibu ili nijifunze, na ninyi jifunzeni. Alikaa chini kwanza, kwenye mkeka, sawa na yeye. Akautaja ugonjwa kwa jina lake. Akamwambia tunachoweza kufanya na tusichoweza kujua. Kisha akanyamaza, na ule ukimya ulikuwa mrefu hata nikataka kuujaza kwa maneno yoyote, hata ya hali ya hewa. Akanikanyaga mguu.

Mwanasiti hakulia. Aliuliza, "Nimvue shanga?"

"Mvue, mwanangu," akasema Bwana Kassim. "Lakini ziweke mahali unapopajua. Atazitaka."

Akazifungia kwenye pembe ya leso yake.

Ilivyo kwetu, mtu haendi kumjulia hali mgonjwa akarudi na mikono yake. Unaweka kiganja pale panapouma, unamwombea, unampulizia dua, ndipo unakaa na kuuliza habari. Mgonjwa asiyeguswa ni mgonjwa aliyetupwa. Na Munje nzima ilikuwa imeanza safari ya kuja kumwona Mwanamisi. Mimi, msomi wenu, nikalitatua jambo hilo kwa njia ya wasomi. Nikachukua kadi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa TUMBO LISIGUSWE, nikaitundika juu ya kitanda.

Wageni wa kwanza walifika alasiri. Mama mmoja akaitazama kadi, akamwuliza mwenzake, "Pameandikwa nini pale? Si herufi za chuo cha Kurani."

Mwenzake, aliyekuwa na kijana shule, akasoma kwa kujikongoja. "Tu-mbo li-si-gu-swe."

"Tumbo lipi? Hili?" Na mkono wake ukaenda moja kwa moja.

Niliruka kitanda kizima kuuzuia. Yule mama hakuelewa kwa nini mtumishi wa serikali anamrukia, na kusema kweli hata kitanda hakikuelewa.

Lakini mgeni aliyekuwa mzito kuliko wote alikuwa bado hajafika. Alikuwa mamake Mwanasiti, Bi Nimakombo, mkandaji. Msiojua, mkandaji ni mtu wa kazi kama sisi. Mwenye mgongo uliokatika, mwenye mimba iliyolala vibaya, mtoto asiyelala, wote waliletwa kwake, na mafuta yake ya nazi aliyapika mwenyewe. Mikono yake ndiyo iliyompokea Mwanasiti na ndiyo iliyompokea Mwanamisi.

Aliingia wodini kesho yake mchana na chupa yake ya mafuta chini ya kwapa, akaanza utani kabla hajafika kitandani. "Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mume wangu. Huyu ndiye mume wangu mpya wa serikali? Mbona amekonda, huko chuo hampikiwi?" Akamgeukia mtoto. "Nawe, mke mwenzangu, umejilaza huku unadekezwa, nyumbani nimeachiwa kazi zote!" Mtoto akacheka mpaka akakohoa. Bi Nimakombo akafungua chupa, akamimina mafuta kiganjani, akaanza kuyasugua yapate joto.

Hapo nilipaswa kusema neno la kibinadamu. Badala yake, kwa hofu, nikasema, "Bibi, ni marufuku kumgusa mgonjwa."

Hata waliokuwa na kikohozi walikimeza.

"Marufuku," akasema. Akayapangusa mafuta kwenye leso yake, kidole kimoja kimoja. Akaziba chupa. "Haya, bwana mkubwa. Nimesikia." Akatoka.

Mwanasiti akaanza kukunja mkeka. "Mamangu akifukuzwa, mimi nabaki kwa nani? Ananijua huyu hapa?" Akanionyesha kwa kidevu. "Twende, mwanangu, tutatibiwa kwa mikono inayotujua."

Ikiwa angemchukua mtoto nyumbani, nyumba nzima ingemgusa, na bibi angemkanda kwa upendo wake wote, kutwa mara mbili. Hilo nililiona waziwazi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na wazo la pili.

Bwana Kassim alimwomba Mwanasiti angoje tu mpaka tuswali alasiri. Kisha akanivuta nje. "Umemwambia mkandaji marufuku? Hilo ni neno la askari kwa mwizi wa nazi. Mfuate Munje. Usirudi peke yako."

Nilitembea nikipanga hotuba. Nilipanga utangulizi, sehemu ya figo, sehemu ya damu, na mwisho wa kuomba radhi. Nilipofika uani kwake nikamkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na hotuba yote ikanitoka, isipokuwa utangulizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Basi. Hakuna mume. Nazi ikaendelea kukunwa.

Nilisimama. Nikatafuta pa kuweka macho, nikayaweka kwenye mipapai. Ilikuwa imejazana pembeni mwa kiwambo cha kuogea, mirefu kwa mifupi, inasukumana kama watu mlangoni pa harusi.

"Bibi, mipapai hii uliipanda wewe?"

"Nani apandaye mipapai mlangoni pa kuogea?" akasema kwa hasira ya mtu aliyeulizwa ujinga. "Papai bivu lilianguka likapasuka. Tukafagia. Tulidhani tumefagia."

"Uvimbe ulio tumboni mwa Mwanamisi ni papai bivu," nikasema. "Ganda lake ni jembamba namna hiyo. Daktari wa Mombasa anataka kulichuma likiwa zima. Likipasukia mle ndani, bibi, hakuna atakayeweza kufagia."

Mikono yake ikasimama juu ya mbuzi. Aliitazama ile mipapai mmoja baada ya mwingine, toka mkubwa mpaka ule mchanga uliokuwa na majani manne tu. Alikaa hivyo mpaka kuku wakaanza kuja kudokoa nazi, na hakuwafukuza.

"Mimi nilimkanda," akasema. "Kabla hamjamwona. Nilijua ni bandama."

"Kila mtu alijua ni bandama."

"Limepasuka?"

Nilitamani sana kumjibu hapana. "Sijui, bibi. Daktari anaona bado. Hatutajua mpaka lifunguliwe." Ndilo jibu fupi kuliko yote niliyowahi kutoa, nami sikuongeza kitu.

Akainuka, akanawa mikono, akaipangusa. "Mbona hukunieleza hivi kule?"

"Niliogopa, bibi."

"Uliniogopa mimi?"

"Wewe na mafuta yako."

Nikaona pembe ya mdomo ikitikisika. Kisha akawa mkali tena, lakini sasa ukali wa kazi. "Sikiliza. Mkono wa mtu aliyekuja kuombea hauzuiwi. Ukiuzuia umeutukana, mimi leo nimeujua utamu wake. Mkono unapewa pa kwenda." Akageuza shingo huku na huku, akitafuta. Juu ya sinia la mihogo palikuwa na kawa, lile la ukili la kufunikia chakula, refu kama paa la msonge, lenye mistari ya zambarau na kijani. Akalinyanyua, akalikung'uta, akalipiga kofi kuona ugumu wake. Likalia kama ngoma.

"Twende, mume wangu," akasema.

Nikajua nimesamehewa.

Alasiri ile ile Mwanamisi alilazwa chali, amefunikwa kawa juu ya tumbo, ukingo wake umekaa kwenye godoro pande zote bila kumgusa. "Mke mwenzangu," bibi yake akamwambia, "kuanzia leo wewe ni pilau."

"Nani atanila?"

"Hakuna. Hili sinia lina wenyewe."

Mtoto akapenda cheo hicho kupita kiasi. Bi Nimakombo akaketi kando yake, na kila mgeni aliyenyoosha mkono alimwelekeza: "Juu ya kawa, ndugu yangu. Dua inapita kwenye ukili, mkono ndio usiopita." Wakaweka viganja juu ya kawa, wakaomba, wakapuliza, wakakaa, wakauliza habari. Hakuna aliyetukanwa. Mwanamisi chini ya kawa alitangaza kwa sauti, "Bado sijaiva!"

Daktari alipopita akasimama akalitazama. Bwana Kassim akamweleza kwa ufupi. Daktari akafikiri, akainua mkono wake mrefu, akauweka juu ya kawa kama wengine, akasema, "Taratibu."

Wageni wote wakaitikia, "Amina."

Mtihani wenyewe ulikuwa mjomba. Kwetu Wadigo mjomba wa mtoto ana neno zito, na huyu, kakake Mwanasiti, alikuwa mfuga ng'ombe huko Kinango, mtu ambaye ng'ombe wenyewe walimpisha. Babake mtoto, Hamadi, mkwezi wa minazi, alikuwa mpole na alishasema wazi, "Mimi nakubali apasuliwe, lakini mjomba asikie kwanza." Mjomba akaja na vumbi la Kinango mpaka kwenye kope. Hakumwamkia mtu ila mamake, akaja kitandani, akalishika kawa aliondoe.

"Juu yake," akasema Bi Nimakombo.

"Mama, nimetembea toka Kinango kumwona mtoto wa dada yangu, si kuona kifuniko cha wali."

"Na mimi nimewakanda watu wa Munje tangu hujazaliwa, na mjukuu wangu simgusi. Wewe mkono wako una nini cha zaidi?"

Akatazama mikono ya mamake. Ilikuwa imekaa mapajani, mikavu, haina mafuta. Nadhani hakuwahi kuiona mikavu. Akaliacha kawa, akaweka kiganja juu yake. Baadaye akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, "Mtu ataishi na figo moja?"

Akili yangu ikaanza kukusanya kurasa za kitabu. Hamadi akaniwahi. "Shemeji, mimi hukwea mnazi kwa kitanzi cha kamba mbili zilizosokotwa. Moja ikikatika nateremka na ile nyingine, na kesho yake nakwea na hiyo hiyo."

"Ni kweli?" mjomba akaniuliza.

"Ni kweli," nikasema. "Moja ikiwa nzima, inabeba kazi yote."

"Basi ikatwe iliyooza," akasema, na ndipo alipomwamkia kila mtu.

Malaria ilipotulia na macho ya mtoto kupata rangi, tukasafiri kwa gari la wagonjwa. Ile barabara ya kwenda Likoni siku hizo ilikuwa mashimo yaliyounganishwa kwa vipande vya njia. Mwanasiti alimpakata mtoto, Bi Nimakombo akashikilia kawa kwa mikono miwili lisiteleze, na kila gari liliporuka alimwita dereva kwa jina la babake. Mimi nilishikilia chupa ya maji na wasiwasi wangu.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji akatoka mwuguzi wa Mombasa, mwanamke, amejifunga kitambaa cha uso. Akasema kawa haliingii ndani.

"Nani atakaa badala yake?" akauliza Bi Nimakombo.

"Mimi, bibi," akajibu mwuguzi.

"Nipe mikono."

Yule mwuguzi akanitazama. Nikamwashiria ampe. Bi Nimakombo akaishika yote miwili, akaipima kama anavyopima mafuta kabla ya kumkanda mtu. "Joto lipo," akasema. "Mchukue."

Mtoto akapigwa nusu kaputi, sisi tukakaa nje ubaoni. Hamadi alihesabu tasbihi. Mwanasiti alishika pembe ya leso yake, ile yenye fundo. Bi Nimakombo aliliweka kawa mapajani na kuingiza mikono yake chini yake, na sikumwona akiitoa hata alipoletewa chai.

Daktari wa upasuaji alipotoka alikuja kwetu bila kuvua kofia. Akanieleza nami nikawageuzia kwa Kiswahili. Uvimbe umetoka na figo yake, mzima, ngozi haikuachia popote. Mtoto anapumua vizuri.

"Mzima?" akauliza Bi Nimakombo. "Haukupasuka hata kidogo?"

"Hata kidogo, bibi."

Akaitoa mikono chini ya kawa, akaigeuza upande huu na upande huu, kama imerudishwa kutoka safari. Kisha akanipiga kofi la bega lililoniuma siku nzima. "Mume wangu, tafuta chai, hii yangu imepoa."

Msije mkadhani kazi iliishia pale. Familia ya mtoto mwenye saratani haimalizi kungoja siku ya kushonwa. Kila homa ndogo Mwanasiti alimleta, kila kikohozi. Wenzangu wengine walimwona msumbufu. Bwana Kassim aliwakataza. Alisema mama huyu haji kutafuta dawa, anakuja kutafuta mtu wa kuogopa pamoja naye, na hiyo nayo ni huduma. Mimi nilikuwa hodari wa kuogopa, kwa hiyo alinikabidhi mimi. Na hapo ndipo nilipojifunza matumizi ya mawazo yangu mengi: niliogopa kwa utaratibu. Nilitazama macho, nikasikiliza kifua, nikauliza mkojo, nikamwambia nilichoona na nisichoona, naye akarudi Munje na mzigo nusu.

Siku zile kisu kilikuwa karibu silaha yetu pekee. Leo mnazo dawa za mishipani na mionzi, mna picha zinazoona ndani bila kugusa, na watoto wengi wanapona ambao sisi tungewapoteza. Tuliwapoteza, na siwafichi. Si kila mtoto niliyemfunika kawa alirudi kuchota mchanga. Lakini tangu Mwanamisi, sikumruhusu mtu abonyezebonyeze tumbo la mtoto lenye uvimbe, awe mwanafunzi, awe daktari mgeni, na sikulitamka tena neno marufuku. Niliwapa mikono yao pa kwenda. Ninyi pia mtafanya hivyo, na mtaweza.

Waliporudi nyumbani mara ya kwanza, Mwanasiti alifungua fundo la leso na kumvika mtoto shanga zake. Zilimteremka mpaka vifundoni, zikalala mchangani. Zile zote alizokuwa ameziongeza kwa ajili ya uvimbe zilikuwa bado zimo uzini. Akashika uzi azipunguze.

"Ziache," Bi Nimakombo akasema. "Atazijaza mwenyewe."

Ikapita misimu ya maembe, sikumbuki mingapi. Mwanamisi akaanza kwenda chuo cha Kurani, akang'oka meno ya mbele, akajua kunijibu. Siku moja Bwana Taratibu alimpima, akamtazama tena, akakunja kifaa chake na kumwambia mamake kwamba sasa haogopi tena uvimbe kurudi, na kwamba bibi, akitaka, aweza kumkanda.

Nilikwenda nao Munje siku hiyo. Bi Nimakombo alitandika mkeka uani, akamlaza mjukuu wake, akamimina mafuta. Akasugua viganja, akasugua, akasugua, na mikono haikushuka.

"Bibi," nikamwambia, "joto lipo."

Ikashuka. Ikapita juu ya kovu kama inasoma, polepole, kutoka ubavuni mpaka kitovuni, na Mwanamisi akajikunja kwa kicheko. "Wanitekenya! Kanda basi, bibi, kanda vizuri!"

Alipokwisha kukandwa akasimama, anang'aa mafuta, na mamake akaleta zile shanga. Hazikuwa zimepunguzwa hata moja. Akamzungushia kiunoni, akavuta uzi, akaufunga.

Zilimkaa sawasawa.